Tarakilishi kuukuu na riwaya isiyoisha: Kitendawili cha George R. R. Martin

KWA zaidi ya miaka 14 sasa, mamilioni ya wasomaji katika pembe mbalimbali za dunia wamekuwa wakisubiri kitabu kimoja tu. Kitabu chenyewe ni The Winds of Winter, riwaya ya sita katika mfululizo wa A Song of Ice and Fire ambao mwandishi wa Marekani, George R. R. Martin, aliuanza kuuchapisha mnamo 1996.

Riwaya ya tano katika mfululizo huo, A Dance with Dragons, ilitoka Julai 2011. Kufikia mwanzoni mwa 2026, ya sita ilikuwa bado haijafika madukani. Ya saba na ya mwisho, ambayo imepewa jina la A Dream of Spring, haiwezi kuanza kuzungumziwa kwa uzito kabla ya hiyo ya sita kukamilika.

Martin alitimiza umri wa miaka 77 mnamo Septemba 2025. Ni umri ambao unayafanya mashabiki wake wengi kuwa na wasiwasi, na baadhi yao hawauficha wasiwasi huo. Katika mahojiano na jarida la The Hollywood Reporter mwishoni mwa 2024, yeye mwenyewe alikiri kwamba alikuwa amechelewa kwa miaka 13, na akakubali kwamba huenda wanaosema hatawahi kumaliza wakawa wanasema kweli.

Katika mjadala huu wote, kuna jambo moja ambalo hutajwa kila mara, ama kwa mzaha au kwa lawama. Nalo ni kifaa anachotumia mzee huyu kuandikia.

Mnamo Mei 2014, Martin alimweleza mtangazaji wa runinga Conan O'Brien kwamba huandika riwaya zake kwa tarakilishi kuukuu inayotumia mfumo wa DOS, ndani yake ikiwa na programu iitwayo WordStar 4.0. Tarakilishi hiyo haijaunganishwa na mtandao wa intaneti. Anayo nyingine ya kisasa, ambayo huitumia kwa barua-pepe, kutembelea tovuti na shughuli nyinginezo za kawaida.

Wengi waliosikia habari hizo walicheka. WordStar iliingia sokoni kwa mara ya kwanza mnamo 1978, na toleo la nne likatoka mnamo 1987. Kijana aliyezaliwa mwaka huo leo ni mtu mzima mwenye watoto wanaosoma kwa rununu. Iweje basi mmoja wa waandishi wanaouza vitabu vingi zaidi duniani ang'ang'anie programu ambayo hata waliyoiunda waliacha kuishughulikia miaka mingi iliyopita?

Siri ya skrini nyeusi

Jibu linahitaji kueleza jinsi programu hiyo inavyofanya kazi. WordStar iliundwa kabla ya kipanya kuwa kifaa cha kawaida mezani. Amri zote hutolewa kwa vidole vikiwa papo hapo kwenye kibodi, kwa kubonyeza kitufe cha Control pamoja na herufi fulani. Mwandishi aliyeizoea anaweza kusogeza aya, kufuta mstari au kurudi mwanzo wa sura bila ya kuondoa mikono yake kwenye vitufe.

Aidha, mwandishi anaweza kutia alama mahali ambapo kifungu kinaanza, akaendelea kusoma na kurekebisha sehemu nyingine, kisha akarejea baadaye kutia alama ya mwisho na kukihamisha kifungu hicho. Ni kama mtu anayefanya kazi kwa karatasi na kalamu nyekundu, akiacha alama pambizoni ili azirudie.

Martin si pekee yake aliye na mapenzi haya. Mwandishi wa riwaya za kisayansi kutoka Canada, Robert J. Sawyer, ameitetea WordStar kwa miaka mingi, na mnamo Agosti 2024 alikusanya toleo la mwisho la programu hiyo, pamoja na vitabu vya maelezo yake, akaviweka hadharani ili visipotee.

Kuna na sababu ya pili. Martin alimwambia O'Brien kwamba hapendi programu za kisasa zinazojitia ujuzi wa kumsahihisha. Akiandika herufi ndogo, anataka ibaki ndogo. Malalamishi haya yana mantiki. Riwaya za kifantasia hujaa majina ya watu, miji na lugha ambazo hazimo katika kamusi yoyote. Programu ya kusahihisha tahajia huyaona majina hayo yote kuwa makosa, ikayapigia mistari myekundu au hata kuyabadilisha bila ruhusa.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Kwa kuwa mashine hiyo haina intaneti, haiwezi kuingiliwa na virusi kutoka mtandaoni wala wezi wa kazi. Muhimu zaidi, haiwezi kumletea mwenyewe ujumbe, habari za michezo au matusi ya mashabiki. Mbele yake kuna maandishi tu, basi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kukaa peke yake na ulimwengu usiokuwepo, huo ni ukuta wenye thamani kubwa.

Kwa hivyo, wanaodai kwamba Martin anachelewa kwa sababu ya mashine ya kale wanakosea shabaha. Programu yake ni ya zamani kuliko riwaya zake zote za mfululizo huu. Riwaya ya kwanza ilitoka 1996, ya pili 1998 na ya tatu 2000. Vilikuwa vitabu vinene, tena vilifuatana kwa kasi ya kuridhisha. Baada ya hapo ndipo mwendo ulipobadilika: miaka mitano hadi ya nne, sita hadi ya tano, na tangu hapo zaidi ya miaka 14 ya kusubiri.

Kilichobadilika si kifaa. Kilichobadilika ni hadithi yenyewe, na maisha ya anayeisimulia.

Bustani iliyomea kupita kiasi

Tukianza na hadithi, Martin amewahi kueleza kwamba waandishi ni wa aina mbili. Kuna wale walio kama wasanifu wa majengo, ambao huchora ramani nzima kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Kuna na wale walio kama wakulima wa bustani, ambao huchimba shimo, wakatia mbegu, wakamwagilia maji na kungoja kuona kitakachoota. Yeye hujihesabu miongoni mwa wakulima.

Njia hiyo ndiyo iliyozipa riwaya zake uhai. Wahusika hufanya mambo ambayo msomaji hakuyatarajia, na kifo hakimchagui shujaa wala mwoga. Lakini bustani isiyopangwa ina gharama yake. Kila kitabu kimeongeza wahusika, safari na vita ambavyo lazima vifikishwe mwisho.

Baada ya riwaya ya tatu, Martin alikusudia kuruka miaka mitano ili wahusika wake watoto wapate kukua. Alijaribu, ikashindikana, akaachana na mpango huo. Kitabu kilichofuata kikawa kikubwa mno hata ikabidi kigawanywe mara mbili. Nusu ya wahusika waliingia katika A Feast for Crows mnamo 2005, na nusu nyingine wakasubiri hadi 2011.

Mwishoni mwa 2022, alisema kwamba alikuwa ameandika kati ya kurasa 1,100 na 1,200 za mswada wa The Winds of Winter, na kwamba zilisalia mamia kadhaa. Mwaka mmoja baadaye, idadi aliyoitaja ilikuwa ni ileile ya kurasa takriban 1,100. Kwa mkulima wa bustani, hilo halimaanishi kwamba jembe limelala. Huenda kurasa ziliandikwa na nyingine zikang'olewa. Hata hivyo, kwa msomaji anayehesabu siku, tofauti hiyo haimpi faraja.

Njia mbili zilimshinda fisi

Sababu ya pili ni mafanikio. Aprili 2011, kituo cha runinga cha HBO kilianza kuonyesha Game of Thrones, tamthilia iliyotokana na riwaya hizo. Kwa misimu minane, tamthilia hiyo ilitazamwa kote duniani, ikamtoa Martin katika kundi la waandishi wanaofahamika na wapenzi wa fasihi ya aina yake, na kumtia katika kundi la watu mashuhuri.

Januari 2016, alikiri kwamba alikuwa amekosa makataa mawili ya wachapishaji wake, moja la mwisho wa Oktoba na jingine la mwisho wa Desemba 2015. Maana yake ni kwamba tamthilia ingekipita kitabu. Ikawa hivyo. Hadithi ilihitimishwa kwenye runinga Mei 2019, kabla ya mwenye hadithi kuihitimisha kwenye karatasi. Mwisho huo haukuwapendeza wengi, na zaidi ya watu milioni 1 walitia saini zao mtandaoni wakitaka msimu wa nane urekodiwe upya.

Tangu hapo, orodha ya shughuli za Martin imekuwa ndefu. Mnamo 2018 alichapisha Fire & Blood, historia ya kubuni ya ukoo wa wafalme wenye majoka. Kitabu hicho kikazaa tamthilia ya House of the Dragon, iliyoanza kuonyeshwa Agosti 2022. Mwaka huohuo ulitoka mchezo wa video wa Elden Ring, ambao yeye ndiye aliyebuni historia ya kale ya ulimwengu wake. Januari 2026 ikafuata tamthilia nyingine, A Knight of the Seven Kingdoms, inayotokana na hadithi zake fupi kuhusu askari mzururaji na kijana anayemtumikia.

Si hayo tu. Yeye ni mhariri wa Wild Cards, mfululizo wa vitabu vinavyoandikwa na waandishi wengi kwa pamoja tangu 1987. Mapema 2025, jarida la kisayansi la American Journal of Physics lilichapisha makala ya fizikia aliyoandika pamoja na mwanasayansi Ian Tregillis kuhusu virusi vya kubuni vilivyomo katika mfululizo huo. Jijini Santa Fe, katika jimbo la New Mexico anakoishi, alinunua ukumbi wa sinema wa Jean Cocteau mnamo 2013. Amewekeza pia katika Colossal Biosciences, kampuni ya Marekani ambayo Aprili 2025 ilitangaza kwamba ilikuwa imezalisha wanyama wanaofanana na mbwa mwitu wakubwa wa kale waliotoweka.

Kila moja ya shughuli hizi ina heshima yake. Hakuna sheria inayomkataza mwandishi kufurahia matunda ya jasho lake. Lakini wahenga hawakukosea waliponena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Hapa njia si mbili, ni kumi.

Ushahidi mzuri zaidi ulipatikana mnamo 2020. Janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege na kumbi za mikutano, Martin alijitenga katika nyumba ndogo milimani. Baadaye alieleza kwamba mwaka huo aliandika mamia ya kurasa, na kwamba ulikuwa mwaka wake bora zaidi tangu aianze riwaya hiyo. Mashine ilikuwa ya aina ileile ya siku zote. Lililokuwa jipya ni kwamba milango mingine yote ilikuwa imefungwa.

Hapo ndipo kiini cha suala hili kilipo. Tarakilishi isiyo na intaneti humkinga mwandishi dhidi ya kelele za mtandao. Haiwezi kumkinga dhidi ya simu ya mtayarishaji wa tamthilia, mwaliko wa kongamano, wala hamu yake mwenyewe ya kujaribu jambo jipya.

Wengine wamefanyaje?

Mara nyingi Martin hulinganishwa na Brandon Sanderson, Mmarekani mwenzake aliyezaliwa 1975. Sanderson naye alijikuta nyumbani wakati wa korona, bila safari za kutangaza vitabu. Akautumia muda huo kuandika riwaya nne ambazo hakuna aliyezitarajia. Machi 2022, aliwaomba wasomaji wazinunue moja kwa moja kupitia tovuti ya Kickstarter. Watu zaidi ya 185,000 walichanga dola milioni 41.7, kiwango ambacho tovuti hiyo ilikuwa haijawahi kukishuhudia. Vitabu vyote vinne vilitoka 2023, na Desemba 2024 akatoa Wind and Truth, riwaya ya tano katika mfululizo wake mkuu wa The Stormlight Archive.

Sanderson huweka kwenye tovuti yake vipimo vinavyoonyesha ni asilimia ngapi ya kila mswada imekamilika. Ni msanifu wa majengo, si mkulima. Ulinganisho huo basi una mipaka. Anayepanda mahindi na anayepanda minazi hawavuni kwa msimu mmoja.

Hata hivyo, Sanderson anahusika katika mjadala huu kwa njia nyingine. Robert Jordan, mwandishi wa mfululizo wa The Wheel of Time, alifariki Septemba 2007 kabla ya kuukamilisha. Familia yake ilimteua Sanderson, naye akatumia maelezo yaliyoachwa na marehemu kuandika vitabu vitatu vya mwisho kati ya 2009 na 2013. Wasomaji wakapata hitimisho.

Mwingereza Terry Pratchett aliamua kinyume. Aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa ubongo mnamo 2007, na vidole vilipoanza kumgomea, akaendelea kutunga kwa kumsomea msaidizi wake maneno na kwa kutumia programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Alifariki Machi 2015. Agosti 2017, diski iliyohifadhi kazi zake ambazo hazikuwa zimekamilika ilipondwa kwa mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara katika maonyesho ya Dorset, kama alivyokuwa ameagiza. Hakutaka mtu mwingine azimalize.

Martin naye anajulikana kwa kupinga watu wengine kuandika visa kwa kutumia wahusika wake. Ikiwa msimamo huo hautabadilika, basi mwisho wa hadithi hii umo mikononi mwake peke yake, na muda ndio mwamuzi.

Mashine inayotaka kuandika

Mjadala huu umepata sura mpya kutokana na akili unde. Septemba 2023, Martin, John Grisham na waandishi wengine walijiunga na chama cha waandishi cha Authors Guild kuishtaki kampuni ya OpenAI jijini New York. Wanadai kwamba vitabu vyao vilitumiwa bila idhini kuifunza programu ya ChatGPT. Mojawapo ya malalamishi ni kwamba programu hiyo iliweza kutunga muhtasari wa kitabu kizima cha kutangulia visa vya Martin, ikiwatumia wahusika walewale. Oktoba 2025, jaji alikataa ombi la kampuni hiyo la kutaka dai kuhusu maandishi yanayozalishwa na programu hiyo litupiliwe mbali, ingawa uamuzi huo haukuwa hukumu ya mwisho.

Kinaya hapa hakifichiki. Mtu aliyeficha mswada wake ndani ya mashine isiyofikiwa na mtandao, amejikuta akipigania vitabu ambavyo tayari vimeshatoka humo. Wapo wanaouliza kwa nini wasubiri, ilhali mashine inaweza kuwapa mwisho kwa dakika chache. Jibu ni kwamba walichokuwa wakikisubiri si kurasa. Kurasa ni nyingi. Wanachosubiri ni uamuzi wa mtu aliyeishi na wahusika hao tangu alipoanza kuwaandika mnamo 1991, na uamuzi huo hauwezi kukopwa kwingine.

Wasomaji wa Kenya wanaufahamu ukweli huu kwa mfano wa karibu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliandika Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti mnamo 1978, akitumia karatasi za chooni. Hakuna atakayetamani mazingira hayo. Lakini riwaya ilikamilika, kwa sababu kifaa duni hakijawahi kumzuia mtu aliye na la kusema na nafasi ya kulisema.

Je, Martin ana deni kwa wasomaji? Ahadi ni deni, na yeye alitoa ahadi nyingi za tarehe ambazo hazikutimia. Kwa upande mwingine, aliyenunua vitabu vitano alipata vitabu vitano, na hakuna risiti inayomfanya msomaji kuwa mwajiri wa mwandishi. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni ukweli, na katika miaka ya karibuni Martin ameacha kutaja tarehe na kuanza kukiri ugumu. Hilo ni afadhali kuliko matumaini ya uongo.

Wachapishaji, kwa upande wao, wana somo la kujifunza. Kila tamthilia mpya inayotokana na kazi zake huleta faida leo, lakini thamani ya zote inategemea hadithi kuu ambayo haijafika mwisho. Wanaomtakia mema mzee huyo hawana haja ya kumnunulia mashine mpya. Ile kuukuu inatosha. Anachohitaji ni siku nyingi kama zile za 2020, na siku hizo hakuna kiwanda kinachozitengeneza.